Mgongo haujapona tangu nianguke kazini, miezi minane sasa

Mtoto wa Ngamiani
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 34, nashusha saruji ghalani hapa Tanga. Mwezi wa tatu nilikuwa nimebeba mfuko wa kilo 50 begani, ubao wa kuteremkia umelowa, nikateleza nikakaa kitako kwa kishindo. Kwa kuwa mwili ulikuwa bado wa moto nilifanya kazi mpaka jioni. Usiku ndiyo nikashindwa hata kugeuka kitandani.

Eksirei inasema hakuna mfupa uliovunjika. Nimemeza diklofenaki, vidonge vya maumivu, miezi miwili, sasa tumbo linawaka moto. Mama kanipeleka kwa bibi mmoja anayechua kwa mafuta ya nazi na karafuu. Napata nafuu siku mbili, ya tatu niko palepale. Maumivu yameganda kiunoni kushoto, yanashuka mpaka nyuma ya goti. Kuswali naswali kwenye kiti, na jambo hilo linaniuma kuliko mgongo wenyewe.

Jirani mmoja ananiambia niende Dar nikapasuliwe. Mwingine kasema nilale juu ya mbao nisitikisike. Nimelala wiki tatu, hali imezidi. Bosi alinipa laki moja na nusu, akasema tumemalizana. Aliyepitia haya anisaidie.

Mama wa Chuda
Pole sana mwanangu. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, kwa hiyo nijibu kwanza haya: mguu umelegea? Unapata ganzi katikati ya mapaja? Mkojo au choo unakuponyoka, au mkojo hautoki? Likiwepo hata moja, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo.

Hizo diklofenaki acha leo, na umwambie daktari tumbo linawaka. Zinachimba vidonda vya tumbo na figo nazo zinaumia. Ukiona choo cheusi kama lami, hiyo nayo ni dharura. Kuchuliwa sikukatazi, ila asikukanyage wala kukuvunja mgongo.

Kuli Mstaafu
Ndugu yangu, mimi yalinikuta bandarini, na mguu uliwaka kama wako. Nilifika mpaka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar, nikiwa nimeshajiandaa kwa kisu. Daktari akanieleza kwamba kile kinyama laini kati ya pingili kikitoka na kubana mshipa wa fahamu, mara nyingi hunywea chenyewe, na kupasua ni kwa wachache. Akanirudisha Tanga nikafanye mazoezi.

Nikaenda fiziotherapia, tiba ya mazoezi, hospitali ya Bombo. Mazoezi ni madogo mpaka unaona unadanganywa: kulala kifudifudi, kuinua kifua kwa viwiko, kubana tumbo. Kila siku, hata siku usiyojisikia. Alfajiri nilitembea Raskazone, dakika tano tu mwanzoni, kisha kumi, mpaka nikamaliza saa nzima. Ilinichukua miezi mitano. Maumivu yakipanda mguuni wakati wa zoezi, mwambie mtaalamu abadilishe. Kulala ndiyo kulikokumaliza, inuka.

Karani wa Zamani
Kaka, hiyo laki na nusu haikufuti haki yako. Kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Ajali ikithibitika, Mfuko unalipia matibabu, pamoja na asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi ambacho daktari amethibitisha huwezi kufanya kazi. Lakini madai yana miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo umebakiwa na minne. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala. Akikaidi, nenda WCF mwenyewe. Kuna aliyeona ukianguka?

Mtoto wa Ngamiani
Mama, shikamoo. Mguu una nguvu, ganzi hakuna, mkojo uko sawa. Vidonge nimeviweka kando. Kuli, Jumatatu asubuhi niko Bombo, na leo nimetembea mpaka sokoni na kurudi.

Karani, dereva wa lori alikuwepo, ndiye aliyeniinua, na namba yake ninayo. Karatasi ya eksirei ina tarehe ya siku ya pili yake. Barua naiandika usiku huu.