Warushaji au wapigaji: klabu ikuze kina nani zaidi?

Swali, kutoka Malindi

Assalaam alaykum. Naifuatilia besiboli ya Marekani kwa miaka kadhaa sasa, na jioni maji yakipwa huwafunza vijana wachache wa mtaani kurusha na kupiga mpira mchangani. Kila klabu kubwa ya huko ina timu ndogo za madaraja manne chini yake, mbali na zile za wanagenzi, na humo ndimo vijana wanamopikwa. Je, klabu iwekeze zaidi kwa warushaji, yaani wale wanaomtupia mpigaji mpira, au kwa wale wanaopiga na kulinda uwanja? Mets, mojawapo ya klabu hizo, walifika fainali ya mwaka 2015 kwa mikono ya warushaji vijana, wakiwemo deGrom, Harvey na Syndergaard, wakafungwa na Royals michezo minne kwa mmoja. Mwaka uliofuata Cubs wakatwaa taji walilolikosa tangu 1908, na nguzo zao nyingi zilikuwa wapigaji vijana.

Jibu, kutoka Shela, Lamu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Cubs walifanya hivyo makusudi. Kila mwaka klabu huchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, na chaguo lao la kwanza mwaka 2013 lilikuwa Kris Bryant na mwaka 2014 Kyle Schwarber, wote wapigaji, ilhali warushaji wao Arrieta na Hendricks walipatikana kwa kubadilishana wachezaji, na Lester, mrushaji pia, alisajiliwa akiwa amekwisha komaa. Tatizo la mrushaji ni kiwiko. Kano yake ikikatika, hufanyiwa upasuaji ulioanzishwa na Frank Jobe mwaka 1974, kisha hukaa nje mwaka mmoja au zaidi. Harvey aliukosa msimu wote wa 2014, na Wheeler, mwenzake wa Mets, akakosa misimu miwili mizima. Mpigaji naye huumia, lakini kazi yake yenyewe haimli mwili kwa kiasi hicho, kwa hiyo chaguo la thamani ningempa yeye.

Jibu, kutoka Malindi, Barani

Nakubali nusu. Kwa kuwa warushaji huharibika, klabu inahitaji kuwa nao wengi, maana kikosi cha wachezaji 26 huruhusiwa warushaji 13, yaani nusu kamili. Ila wingi huo haulazimu kutumia machaguo ya juu. DeGrom alikuwa mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, katika vile vinne ambavyo mpigaji huvikimbilia, kwa muda mwingi wa chuo, akachaguliwa raundi ya 9 mwaka 2010. Kenley Jansen alikuwa mdakaji, yule anayeidaka mirusho nyuma ya mpigaji, kabla ya kugeuzwa mrushaji. Mlinzi mwenye mkono mzuri hufunzika kurusha hata akichelewa, lakini mrushaji kugeuka mpigaji, kama alivyofanya Rick Ankiel, ni nadra mno.

Muulizaji

Ahsanteni sana, wenzangu. Nina kijana wa miaka 13 anayewapita wote kwa kurusha, na juzi nilimwona akikikanda kiwiko kila baada ya mirusho mitatu minne, nami nikamhimiza aendelee. Nimejuta kwa dhati. Kuanzia kesho atasimama kituo cha kwanza, ambako mikono hudaka zaidi kuliko kurusha, na nitamfunza gongo mpaka kiwiko kitulie.