Mjadala: Afisa kaonywa, kaendelea, watu wamekufa. Kinga ya "nia njema" imfunike?

Wadau, naweka hoja mezani. Sheria nyingi za Kenya na Tanzania zinazounda mabaraza na bodi za umma zina kifungu kinachosema afisa hatawajibika binafsi kwa alilolitenda kwa nia njema akiwa kazini. Kwenye mambo mengi sina ugomvi nacho. Kwenye matunzo ya watu wenye ulemavu wa akili ninao, na sababu yangu ni Gauteng.

Oktoba 2015 waziri wa afya wa jimbo hilo la Afrika Kusini, Qedani Mahlangu, alitangaza kuvunja mkataba na Life Esidimeni, vituo binafsi vya kutunza wagonjwa wa akili, kwa hoja ya kubana matumizi. Pale mgonjwa aligharimu randi 320 kwa siku. Asasi zisizo za kiserikali walikohamishiwa wagonjwa wengi zilipewa randi 112. Profesa Malegapuru Makgoba, msimamizi wa malalamiko ya afya, alikuta asasi zote 27 zina leseni batili. Kuna wagonjwa waliobebwa kwenye pikapu kama mizigo, bila dawa wala majalada yao. Waliokufa walifika 144, miongoni mwao watu waliokufa kwa njaa na kiu mikononi mwa serikali.

Na walionya! Madaktari wa magonjwa ya akili walionya, familia zikaenda hadi mahakamani kabla ya uhamisho kukamilika. Uhamisho ukaendelea.

Nani kalipa? Machi 2018 Jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliamuru serikali iwalipe wadai randi milioni 1.2 kila mmoja. Hiyo ni kodi ya wananchi, pamoja na ya hao hao waliofiwa. Ilibidi kusubiri hadi Julai 2024 ndipo Jaji Mmonoa Teffo atamke kwamba matendo ya Mahlangu na Dk. Makgabo Manamela, aliyesimamia afya ya akili jimboni, yalisababisha vifo. Vifo tisa, kati ya 144.

Najua hoja ya upande wa pili: mkiondoa kinga, nani atakubali kazi hii? Ni hoja nzito. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1982, katika kesi ya Youngberg na Romeo iliyotokana na Pennhurst, kituo cha serikali cha watu wenye ulemavu wa akili, ilisema mtaalamu asidaiwe fidia iwapo alishindwa kufikia viwango kwa sababu ya ufinyu wa bajeti. Kwa muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku peke yake, naunga mkono kabisa. Lakini anayeikata bajeti hawezi kujikinga kwa bajeti aliyoikata mwenyewe.

Pendekezo langu: daktari au familia wakishatoa onyo kwa maandishi, kinga ya mkubwa aliyeweka saini isitishwe mpaka aonyeshe alilijibu vipi onyo lile kabla ya kusaini. Asiwe na la kusema, adaiwe yeye binafsi, na ianzie kwa waziri.

Ninapokwama ni hapa. Haki ya kumshtaki iwe ya familia moja kwa moja, au ibaki kwa mwendesha mashtaka wa serikali? Familia nyingi hazina pesa za wakili, na mwendesha mashtaka ni mtumishi wa serikali ile ile. Wenye ndugu kwenye vituo hivi, na ninyi mnaofanya kazi humo, mnaionaje?