Naomba ushauri: kufungua tawi la kuku wa kukaanga kwa jina la kampuni ya nje

Habari za leo wakuu. Nina banda la chipsi kuku Sinza, mwaka wa 5 sasa. Kuna kampuni ya nje inatafuta watu wa kufungua matawi kwa jina lake, na tumeanza mazungumzo.

Wanataka ada ya kuingia dola 25,000, kisha kila mwezi 6% ya mrabaha (malipo ya kutumia jina lao) na 4% ya matangazo. Hapo ndipo ninapokosa usingizi: asilimia hizo zinakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo hata mwezi wa hasara nalipa. Bado kodi ya fremu (mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima), majiko, jenereta, VAT 18%, na viungo lazima ninunue kwao tu.

Nimepiga hesabu na mhasibu mara tatu. Kuku akipanda bei kidogo, faida yote inaisha. Nimeomba kuongea na wenye matawi mengine, kimya. Hilo linanitia shaka kuliko ada yenyewe.

Aliyewahi kuendesha tawi la namna hii, mtaji ulirudi baada ya muda gani? Na mrabaha unajadilika kabla ya kusaini?

Natanguliza shukrani.