Wakuu, eti kununua mafolowa kunasaidia duka la chakula cha kuku? Naombeni ushauri

Mjomba_Mailimoja:
Wakuu habari zenu. Nina duka la vyakula vya mifugo hapa Mailimoja Kibaha, nauza starter, layers mash, pumba, mashudu, vifaranga nachukua oda. Wateja wangu karibu wote ni wa kuambiana tu. Sasa mpwa wangu kaniambia mjomba unachelewa, kuna jamaa anauza mafolowa 10,000 wa Instagram, ukishakuwa nao watu wanakuamini wenyewe, halafu tufungue na TikTok, Facebook, X na YouTube vyote kwa mpigo na kila posti tuibusti, yaani tuilipie isambazwe kwa watu wengi. Bei eti nisiweke, watu waje inboksi, maana washindani wataniona. Hela ninayo ila roho inasita. Mliopita huko mnasemaje? Matusi sitaki.

binti_wa_pangani:
Mkuu usimpe hata mia. Hao mafolowa wa kununua wengi ni akaunti hewa, sasa akaunti isiyo na mtu itafuga kuku wapi? Halafu ukiposti Instagram haiwaonyeshi wanaokufuata wote, inaanza na baadhi ione kama wana mpango na wewe, wakinyamaza posti inafia hapo hapo. Kwa hiyo unakuwa umelipa ili usionekane. Na tangu 2018 walishatangaza kwamba wanafyeka laiki na mafolowa wa kutengenezwa, unaweza kuamka ukakuta namba imeshuka na jamaa hapokei simu.

Kijiwe_Nongwa:
Mpwa ana chake hapo, chunguza 😂

fundi_matangazo:
Nongwa acha, dogo wa watu ana nia njema ila kaokota maneno ya mtaani. Mjomba mimi naendesha matangazo ya watu, nikwambie kitu kimoja, kubusti sio kubaya ila watu wanabonyeza tu kile kitufe bila kuangalia linaenda kwa nani. Ukiacha lilivyo unaweza kujikuta umelipia mtu wa Mwanza alaiki picha ya mfuko wa layers mash, je atapanda basi aufuate Kibaha? Hapo ndo hela zinapopotelea, watu wanarudi wanasema mitandao haina biashara. Na mitandao yote mitano ya nini, nani atakaa aijaze? Shika mmoja au miwili. Wafugaji wako wengi wako Facebook kwenye magrupu ya ufugaji na WhatsApp, X wapo wanaobishana siasa, sijawahi kuona mtu anaagiza pumba kule.

TikTok usiidharau lakini, yenyewe video inaweza kufika kwa mtu asiyekufuata kabisa. Sio ucheze ngoma, onyesha kifaranga anavyopewa chanjo ya kideri na gumboro, ongea kama unavyoongea na mteja dukani, simu yako hiyo hiyo inatosha.

Mama_Layers:
Kuhusu bei mimi napingana na mpwa kabisa. Mimi ni mnunuaji, nikikuta "bei njoo inboksi" napita, najua unataka kuniangalia sura kwanza. Huyo mshindani akitaka bei yako si anamtuma kijana dukani kwako anauliza tu?

binti_wa_pangani:
Dada umesema kweli ila chakula cha kuku bei inapanda kila mara, mtu anakuja na skrinshoti ya miezi mitatu nyuma anagombana. Andika bei na tarehe yake, basi.

Mjomba_Mailimoja:
Nashukuruni sana wakuu. Namba za wateja ninazo nyingi kwenye simu, nikiweka stetasi WhatsApp wanaangalia wachache mno. Tatizo nini?

fundi_matangazo:
Hawajasevu namba yako. Stetasi haionekani kwa mtu asiye na namba yako kwenye simu yake, hata ile brodikasti ya kutumia watu 256 kwa pamoja asiyekusevu haimfikii. Kwa hiyo mteja akilipia mfuko mwambie pale pale asevu, mwambie chakula kikishuka bei natangaza huko. Pakua na WhatsApp Business, ni bure, ina katalogi ya kuweka picha na bei. Hiyo fanya kabla hujalipia tangazo lolote.

Mjomba_Mailimoja:
Sawa mkuu. Na nikija kulipia hilo la Facebook nabonyeza nini?

fundi_matangazo:
Kwenye lengo chagua la watu kukutumia meseji WhatsApp, usichague la kupata laiki. Eneo weka pini dukani kwako uzungushe kilomita 20 hivi, unapata Kibaha mpaka Kibamba. Anza na hela ndogo, na hesabu waliouliza na walionunua, laiki mwachie mpwa. Halafu awepo mtu wa kujibu, mteja akijibiwa kesho yake ameshanunua kwingine. Siku vifaranga vimeisha zima tangazo, usilipie watu waje kuambiwa hakuna.