Mnaopima viatu dukani kwetu halafu mnaagiza mtandaoni, heshima iko wapi?

Wakuu, salaam. Hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. Uzi huu ni wa Waswahili wenzangu mnaoskeiti, yaani mnaopanda ubao wa magurudumu, hapa London, hasa nyie mnaokutana pale chini ya Southbank Centre, lile jumba la sanaa kando ya Mto Thames, kila wikiendi. Sitaji jina la mtu wala la duka. Wahusika mnajijua.

Mimi nauza wikiendi kwenye duka dogo la skeitibodi. Mwenye duka ni mtu mzima, ameskeiti tangu utotoni na magoti yameshamchoka, lakini ukimpelekea ubao ataugonga kwa vidole na kusikiliza kama tabaka zimeanza kuachana. Mwezi uliopita aliingia kaka mmoja, Mtanzania mwenzangu, tukasalimiana vizuri, nikamkaribisha. Akajaribu jozi tatu za viatu. Akatembea navyo, akapanda juu ya ubao, akauliza kipi kitadumu pale pembeni mguu unapokwaruzana na msasa uliobandikwa juu ya ubao wakati wa kuruka. Mzee akaacha hesabu zake, akaja kumwelekeza: suedi inavumilia kuliko turubai, angalia mshono umepita wapi, soli nyembamba itakufanya uusikie ubao vizuri lakini ukiruka ngazi kisigino kitalia. Alimhudumia kama mwanawe. Yule kaka akatoa simu, akapiga picha lebo ya boksi, akaagiza viatu vilevile mtandaoni akiwa bado amekalia benchi letu. Tofauti ya bei ilikuwa pauni nane.

Nikanyamaza. Wikiendi iliyofuata akarudi na ubao mpya, nao kaununua mtandaoni, umekuja vipandevipande. Anataka tumfungie bure. Nilipomtajia gharama akanijibu kwa Kiswahili ili mzee asielewe: "Dada, sisi si ndugu? Acha roho mbaya."

Roho mbaya ni ya nani hapo?

Kwa wasiojua, kufunga ubao si kukaza nati. Unabandika msasa kuanzia katikati kwenda nje, taratibu, ukikosea viputo vya hewa vinabaki chini na havitoki tena. Unachukua shina la bisibisi unasugua ukingo wote mpaka mstari mweupe uonekane, ndipo unapitisha wembe kwa mkono usiotetemeka. Unatoboa matundu manane kutokea chini, unapitisha bolti, unafunga ekseli mbili, vile vyuma vya chini vinavyoshika magurudumu, unasukumiza beringi ndani ya magurudumu mpaka zikae sawa, unakaza nati za pembeni na kuzilegeza kidogo ili gurudumu lizunguke huru. Ukinunua vifaa kwetu tunakufanyia yote hayo bila kukudai hata senti, na ukirudi baada ya mwezi ekseli zinalia tutakuangalizia. Huo ni mkono wa mtu, tena mkono wa mtu mwenye kodi ya kulipa.

Na ubao wenyewe hauleti faida ya maana. Muulize yeyote mwenye duka la namna hii, atakwambia taa zinawaka kwa sababu ya viatu, fulana na kofia. Kwa hiyo ukija kupima viatu halafu ukanunua kwingine, umegusa palepale duka linapopumulia. Usiniambie "ni pauni nane tu". Kama ni pauni nane tu, kwa nini usimwachie aliyekuhudumia?

Kuna wanaotetea tabia hii kwa kuleta habari za Southbank. Wanasema skeita na maduka ni maadui tangu zamani, si mnakumbuka mwaka 2013 wasimamizi wa Southbank Centre walivyotaka kuweka maduka na migahawa kwenye eneo letu? Nakumbuka. Lakini msichanganye mambo. Ule ulikuwa mpango wa kuwaondoa watu kwenye saruji waliyoiskeiti tangu miaka ya 1970 ili nafasi ikodishwe kwa wafanyabiashara ambao hawajawahi kupanda ubao maishani. Watu wakasimama, kampeni ya skeita ya kulitetea eneo hilo, Long Live Southbank, ikakusanya maelfu ya sauti, na mwaka 2014 ikakubaliwa skeita wabaki. Waliosimama walilinda mahali pa kukutana. Duka la skeita nalo ni mahali pa kukutana! Mvua ya London ikianza, mnakimbilia wapi? Spana mnaazima wapi? Mtoto wa miaka kumi na mmoja anayeogopa kwenda uwanjani peke yake anajulia wapi wenzake wa kuongozana nao? Vijana wanaopewa ubao wa bure kila mwezi kwa sababu wanajituma, nani anawapa? Si tovuti ya punguzo.

Tena si sisi tu tunaoliona hili. Tangu mwaka 2020 kila Februari kuna siku maalumu ya kuwakumbusha watu wanunue kwenye maduka ya skeita ya mtaani kwao. Jambo likifika hatua ya kutengewa siku, ujue hali ni mbaya.

Najua mtakuja na hoja ya dharau. Kwamba kuna maduka unaingia muuzaji anakutazama kuanzia viatu mpaka kichwani, ukiuliza upana wa ubao anacheka. Yapo, sikatai, na nimeyaingia. Dada mweusi aliyevaa hijabu akiingia duka la skeita na kuuliza habari za beringi, anatazamwa vipi, mnadhani? Muuzaji wa hivyo mkatae, ondoka, msemee kwa wenzako. Ila huyu mzee ninayemsema hajawahi kumdharau mtu. Baada ya skeitibodi kuingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na Sky Brown, binti anayeiskeitia Uingereza, kuchukua medali ya shaba akiwa na miaka 13, wazazi walianza kumiminika na mabinti zao. Wengine walishika mbao za kuchezea walizonunua kwenye maduka ya midoli, magurudumu ya plastiki ngumu yanayokwama kwenye punje ya mchanga. Magurudumu ya poliyurethani, plastiki laini kama mpira, yapo tangu miaka ya 1970, hakuna sababu ya mtoto kuvunjika meno leo kwa gurudumu la plastiki. Mzee hakumcheka mtu. Alitoa magurudumu yaliyotumika, akayafunga pale pale, akamwambia mama mmoja asinunue kitu kwanza mpaka mtoto aone kama anaupenda mchezo. Mtu wa hivyo ndiye mnayemfanya chumba cha kujaribia viatu.

Sasa lililonikera kuliko yote.

Karibu na kaunta kuna sanduku. Watu wanaacha humo mbao zilizotumika, ekseli, magurudumu, beringi, viatu ambavyo bado vinafaa. Wanaosafiri wanatubebea kwenda kwa vijana wa nyumbani Afrika Mashariki. Mnaujua uwanja wa skeiti wa Kitintale, Kampala, vijana walioujenga wenyewe kwa saruji mwaka 2005 na 2006. Mnaujua wa kituo cha watoto cha Shangilia pale Kangemi, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2013. Vijana wapo, uwezo upo, vifaa ndiyo shida. Ubao mmoja unapokezanwa, beringi zinaoshwa kwa petroli na kurudishwa, ubao ukivunjika si suala la kwenda dukani kesho. Sisi tuliotoka huko tunajua maana ya kukosa duka, halafu tukifika kwenye mji wenye maduka tunayahujumu.

Wiki mbili zilizopita niliweka kwenye sanduku jozi ya ekseli nzuri, aliyezileta alikuwa amezitumia msimu mmoja tu. Zina mkwaruzo mrefu upande mmoja na rangi ya kijani imebanduka. Wikiendi hii nimeziona kwenye tangazo la kuuza, kwenye kundi letu letu la WhatsApp, mkwaruzo uleule, kijani kilekile. "Bei maelewano."

Nimetetemeka. Si kwa thamani yake. Nilikaa na mzee nikimweleza kwa nini idadi ya wasafiri wanaotubebea vifaa inapungua, na yeye ananiuliza kama afunge sanduku kabisa. Nimwambie nini? Kwamba wanaoiba ni watu wangu?

Wengine mmeliona tangazo lile na mkalipigia "like". Mlijua? Kama mlijua mkanyamaza, na nyie nawasema. Jamii gani hiyo, mnapigana mabega uwanjani, mtu akianguka mnakimbia kumwinua, lakini ekseli za mtoto wa Kangemi zinauzwa mbele yenu na hakuna wa kusema "acha"?

Kwa aliyezichukua: sihitaji maelezo, na sitakutaja. Jumamosi tunafungua saa tano asubuhi. Mimi nitakuwa kaunta. Zirudishe kwenye sanduku, na tangazo lifute leo usiku.