Nina digrii ya umeme, nimeandika kidato cha nne kwenye fomu ya chuo cha ufundi

Binti wa Hombolo:
Habari za jioni ndugu zangu, shikamooni wakubwa.

Nina miaka 28, naishi Ipagala, Dodoma, kwa mama mdogo. Uhandisi wa umeme nilimaliza miaka minne iliyopita na kazi ya umeme sijaipata hata siku moja. Nimefundisha tuisheni ya fizikia, nimekaa duka la vifaa vya ujenzi miezi saba. Kabla ya mwaka huu nilifanya usaili mara sita, na mara zote niliishia kwenye mchujo.

Mwaka huu nikavuka, nikaitwa vitendo. Mezani nikakuta kontakta tatu (swichi zinazovutwa na umeme), taima, ovalodi ya kulinda mota isizidiwe, vitufe viwili na furushi la waya. Tufunge staa-delta, yaani mota ianze na umeme mdogo (staa), kisha ihamie umeme kamili (delta). Mchoro niliumaliza mapema kuliko wenzangu wote. Nikashika bisibisi. Nyaya nikazimenya ndefu mno, shaba ikawa inachungulia nje ya terminali. Kubonyeza kitufe cha kijani, kontakta ikagonga "tak!" Kuachia kidole, nayo ikaachia. Nilikuwa nimesahau waya wa 13 na 14, ule wa kuishikilia kontakta ibaki imewaka. Kwenye karatasi nimeuchora mara mia. Pale mezani sikuuona kabisa, na muda ukaisha.

Nililia mpaka nafika nyumbani. Wiki iliyofuata nikajiandikisha kozi fupi ya kontroo za mota, wiki 10, kuanzia saa 10 jioni. Penye kiwango cha elimu nikaandika kidato cha nne. Niliogopa wataniuliza mhandisi mzima anatafuta nini huku.

Kozi yenyewe ni nzuri. Nakaa na kijana wa miaka 17 kutoka Chamwino, mikono yake inapanga waya kama mtu anayesuka nywele. Mwalimu wetu ni mdogo kwangu kwa umri na ni fundi kwelikweli. Kila waya wa kontroo lazima uwe na namba ncha zote mbili, usipoweka anaufungua uanze upya. Sasa kontakta zangu zinashika.

Ila juzi alisema staa inapunguza ampea za kuwashia kwa nusu. Siyo nusu, ni theluthi inayobaki. Wenzangu 19 wakaandika nusu. Nikanyamaza, maana mtu wa kidato cha nne angejulia wapi? Tangu siku hiyo silali vizuri.

Maswali yangu mawili. Nimwambie mwalimu ukweli au nimalize kimyakimya? Na la pili, hatua inayofuata ni kozi ya PLC, ile kompyuta ndogo ya kuendesha mashine, shilingi 350,000. Baba ameuza zabibu za msimu wa Machi, amenipa fedha nikatafute kazi Dar. Mama mdogo anasema nipande treni nikajaribu, nisome mpaka lini? Mimi nataka kulipia PLC. Nishaurini.

Fundi Kibaigwa:
Dada yangu, mwambie. Tena kesho.

Nakueleza kwa nini. Mimi nashughulika na mashine za kusaga na za kukamua alizeti. Kuna mteja mota yake iliungua mara mbili, mara mbili tukapeleka kusukwa koili upya, fedha ya mtu ikaondoka. Tulikuwa tunaifunga staa-delta kama nyingine zote. Akaja mwanafunzi wa fildi, akafuta vumbi kwenye kibati cha maelezo ya mota, akasoma: volti 230 delta, 400 staa. Akasema hii kwa umeme wetu wa fezi tatu inakaa staa siku zote, mkiipeleka delta mnaiua. Miaka 14 ya kazi, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Na hiyo theluthi si ya ampea tu, hata nguvu ya kuzungusha inabaki theluthi. Wateja wangu wanajaza hopa ndipo wanawasha, mota inanguruma haiondoki. Wale 19 watakuja kuwa mafundi wa watu. Usiwaache na nusu.

Nina nyingine hapa sasa hivi inachemka, kibati kimefutika nusu. Ningekuwa na mtu kama wewe jirani ningeshukuru.

Mhandisi wa Ihumwa:
Mdogo wangu, fomu irekebishe kabla ya mtihani. Taarifa ya uongo kwenye cheti inaweza kukusumbua baadaye ukitaka kukitumia.

Pili, umejisajili ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu? Hujasema. Kama bado, anza na hilo, kisha uliza kuhusu SEAP, yale mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Na ukianza kufungia watu umeme majumbani au viwandani, unahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

PLC usilipie sasa. Kontakta zimeanza kushika majuzi, zipe muda. Zunguka Kizota kwenye viwanda, omba kukaa na fundi wa matengenezo hata mwezi mmoja. Mimi ndivyo nilivyoanza, nilikuwa nafagia karakana.

Mama Nkuhungu:
Mwanangu, umeuliza kuhusu mwalimu, hukuuliza kuhusu baba yako. Amekupa fedha ya Dar. Ukiilipia kozi bila kumwambia, utakuwa umeficha mara mbili. Mzee wa zabibu anajua kukata matawi na kusubiri, ataelewa. Mpigie.

Binti wa Hombolo:
Ahsanteni sana, nimesoma yote mara mbili.

Jana nilibaki baada ya kipindi, nikamwambia mwalimu. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo ile nusu uliisikia?" Nikasema ndiyo. Akanipa chaki. Nikamwandikia: kwenye delta koili inapata volti 400, kwenye staa inapata 230, kwa hiyo ampea za koili zinashuka, na kwenye njia, yaani nyaya zinazoleta umeme, zinashuka tena kwa uwiano uleule. Ukizidisha unapata theluthi. Leo ameanza kipindi kwa kuwaambia wenzangu wafute, na akanisimamisha mbele niwaeleze. Yule kijana wa Chamwino kaniuliza maswali matatu, mazuri kuliko niliyoulizwa chuoni. Fomu tumebadilisha.

Baba nimempigia. Amesema fedha ni yangu, ila nisimalize yote. PLC nimeiweka kando. Jumatatu naanza kuzunguka Kizota, na ERB naanza kukusanya vyeti.

Kaka wa Kibaigwa, nimekutumia ujumbe pembeni. Jumamosi nina nafasi, nakuja na mita. Hiyo inayochemka usiiwashe mpaka tupime koili zake.