Kozi ya mtandaoni kwa wakuu wa shule: wanaishia moduli ya pili

Swali: Rasimu yetu ina moduli 8, kila moja video ya dakika 45 na maswali ya kuchagua mwishoni. Kwenye majaribio wengi hawafiki moduli ya tatu. Turekebishe wapi?

Jibu 1: Dakika 45 ni nyingi mno kwa mtu anayegongewa mlango kila mara. Kateni video ziwe za dakika 5 hadi 7, kila moja jambo moja, na mfumo ukumbuke alipoishia. Ongezeni maandishi ya kupakua.

Jibu 2: Urefu ni nusu tu ya tatizo. Maswali ya kuchagua mara nyingi hupima kumbukumbu kuliko uongozi. Chukueni mfano wa moduli ya kutazama somo: mwonyesheni mkuu wa shule klipu ya darasa, aandike alichokiona, si maoni yake. “Somo lilipooza” ni maoni. “Maswali 9, saba yakajibiwa na wanafunzi walewale watatu” ni ushahidi. Kisha aandike sentensi tatu za mrejesho kwa mwalimu, arudie zoezi shuleni kwake na kupakia fomu ya ukurasa mmoja. Majina ya walimu yafutwe kwanza, jamani. Hili husahaulika sana.

Jibu 3: Naunga mkono. Wapangeni pia makundi ya watu 6 hadi 8 yenye mwezeshaji. Jukwaa la majadiliano la wazi lisilo na mwezeshaji hudoda haraka. Na msifungue kozi wakati wa mitihani.

Muulizaji: Klipu zina watoto. Ridhaa je?

Jibu 2: Ya maandishi, kwa wazazi na mwalimu, kabla ya kurekodi. Asiyeridhia akae nje ya fremu.